Nukta Yenye Mkia

Fomu ya leseni ya bunduki ina sehemu ya mke kutia sahihi. Sikulijua hilo mpaka nilipoitandaza mezani jikoni kwetu, Weston, hapa Toronto, mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu anafuta sahani. Aliusoma mstari ule kabla yangu. Akaiweka sahani chini.

"Kwa nini wananiuliza mimi?"

"Ni utaratibu tu. Wanataka kujua kama unaniogopa."

"Na nikisema nakuogopa?"

"Kwani unaniogopa?"

Alivuta kiti, akaisoma fomu yote ukurasa kwa ukurasa, kama anavyosoma karatasi za dawa kule kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Mwisho akatia sahihi, lakini aliikandamiza kalamu mpaka kitambaa cha meza kikabaki na alama. "Nimekubali bunduki," akasema. "Siri sijakubali."

Wakati ule nilikuwa nimevuka arobaini na kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la mikate, nikigawa dukani hadi dukani kutoka upande wetu wa Weston mpaka Scarborough. Mawazo ya bunduki yaliingia kupitia kwa mzee mmoja Mgoa niliyekutana naye kwenye Misa ya Kiswahili, ile inayosaliwa Jumapili moja kila mwezi. Alizaliwa Tanga, akafanya ukarani miaka yake yote, huko na huku, na sasa alikuwa amestaafu. Kiswahili chake kilinitia aibu. Mimi miaka kumi na kitu ya Toronto ilikuwa imenifanya niseme nusu nusu, yeye alikuwa bado anasema "ewaa" na "hebu nistahi" kama aliyeondoka Tanga juzi.

Siku moja, baada ya Misa, tukinywa chai ukumbini, nikamsimulia kwamba nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda jeshi kwa mujibu wa sheria, na kwamba kwenye shabaha afande aliwahi kunitoa mbele ya kikosi kizima nipigiwe makofi. Mzee akaniuliza tulikuwa tunatumia bunduki gani. Nikamwambia, SAR, ile bunduki fupi ya risasi kumi.

"SAR zinauzwa hapa," akasema. "Zimejaa dukani. Wenyewe wanaziita kabini, kwa ufupi wake. Mimi ninayo moja."

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. Nikawaza, huyu mzee ananitania au ananitega? Mtu mweusi, mhamiaji, aambiwe na mtu asiyemjua vizuri kwamba bunduki ya jeshi inauzwa dukani. Wiki mbili nzima nilikaa na neno hilo bila kumwambia mtu, nikijiuliza mzee yule anafanya kazi kwa nani.

Hakuwa anafanya kazi kwa yeyote. Alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha iliyoko kaskazini ya mji, mwendo wa saa moja kwa gari, na alikuwa anatafuta mtu wa kwenda naye anayejua Kiswahili. Nikasoma kozi, nikafanya mtihani, mke wangu akatia sahihi, leseni ikaja. Nikanunua SAR yangu. Mara ya kwanza kuishika, mikono ilikumbuka yenyewe. Lakini macho hayakukumbuka. Nilipolenga, kilengeo cha mbele, kile kijiti cha chuma mwishoni mwa mtutu, kilionekana kama kimefunikwa na mvuke. Nikikikazia macho, karatasi ya shabaha inapotea. Nikiikazia karatasi, kijiti kinapotea.

"Umri," mzee alisema. "Kila mtu hufika hapo. Unahitaji kioo."

Hivyo tukaanza kutafuta kioo. Kwa asiyejua, viko vya aina mbili kubwa. Iko darubini, ambayo inakuza kitu na ina mistari iliyochorwa ndani ya kioo chenyewe. Na kiko kioo cha nukta nyekundu, ambacho hakikuzi chochote: taa ndogo ndani yake inarusha nukta kwenye kioo, nawe unaiweka nukta juu ya shabaha na kufyatua. Mzee alikuwa mtu wa nukta. Alisema ni rahisi, jicho halihangaiki.

Duka tulilokwenda lilikuwa kwenye safu ya maghala, vioo vyote vimefungwa ndani ya kabati. Muuzaji alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Nilipoonyesha kwa kidole kioo kimoja akasema, "Naomba leseni yako." Nikampa. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

Mzee akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Kioo hakihitaji leseni. Bunduki ndiyo inahitaji."

"Mbona anaitaka?"

"Muulize yeye."

Sikumuuliza. Kijana alinitolea kioo kimoja, akasubiri nikirudishe ndipo atoe cha pili. Macho yake hayakutoka mikononi mwangu. Labda alifanya hivyo kwa kila mteja, labda ni mimi tu. Mpaka leo sijui. Nilitoka bila kununua kitu, na garini nilikuwa na hasira kiasi kwamba mzee alisema, "Usihangaike. Nina kioo changu cha zamani cha nukta. Chukua ukakitumie mwezi mzima. Ukikipenda tutazungumza."

Kilikuwa kioo kizuri, cha jina kubwa, cheusi, kidogo kama kikombe cha kahawa, na kilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni. Mzee alisema ulitokana na jiwe. Nikashukuru. Lakini nilipofika nyumbani nikawaza: mtu anatoa kitu kama hiki hivihivi kwa nini? Waswahili wamesema bure ghali.

Wiki ya kwanza kilifanya kazi vizuri. Nukta ilikuwa duara safi, kama punje ya dengu. Tatizo likawa kishikizo, kile kinachokibana kioo juu ya bunduki. SAR haikutengenezwa kuwekewa kioo, na kile kifuniko cha juu ambacho kioo hufungwa juu yake kinacheza kila risasi inapotoka. Matundu yangu kwenye karatasi yakawa yanatembea, moja kushoto, jingine juu. Mzee akakifungua kioo pamoja na kishikizo chake, akavitia mfukoni. "Niachie mimi," akasema. "Nitakaza nati, nitie na bati jembamba chini yake."

Alikaa navyo wiki tatu. Aliponirudishia, nikafunga, nikalala kifudifudi, nikalenga. Nukta ilikuwa na mkia.

Haikuwa duara tena. Ilikuwa kama alama ya mkato kwenye maandishi, na pembeni yake kulikuwa na kivuli cha nukta ya pili. Nikapunguza mwanga. Ikabaki na mkia. Nikafuta kioo kwa shati. Mkia uleule. Nikageuka kumtazama mzee, ambaye alikuwa benchi la tatu kutoka kwangu, akipanga risasi zake kwa utulivu, na ndipo nilipotazama ubavuni mwa kioo. Mkwaruzo haukuwapo.

Nilikigeuza mara mbili, mara tatu. Ubavu ulikuwa mweusi, laini. Hiki sicho kile, nikajiambia. Amenibadilishia.

Nilimwambia mzee kwamba kichwa kinaniuma, tukaondoka mapema. Njia nzima alinisimulia jinsi meli za mkonge zilivyokuwa zikipakiwa Tanga utotoni mwake, nami nilimjibu "naam" na "ehe", nikifikiria mkono wake mfukoni siku ile.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Kwenye mtandao kulikuwa na watu wengi waliouziwa vioo bandia, na kila mmoja alikuwa na somo lake la kuvitambua. Wengine walisema tazama herufi, ya kweli imechimbwa, ya bandia imepakwa. Wengine walisema skrubu za bandia hung'aa. Wengine walisema kioo cha kweli kina rangi ya zambarau ukikielekeza dirishani. Nilikuwa nimekificha kwenye kisanduku cha saa ya mkono, na nikipata nafasi najifungia bafuni nacho chini ya taa, simu mkono mmoja, kioo mkono mwingine, nikilinganisha herufi moja moja. Nyingine ilionekana imepinda. Kesho yake nikiitazama imenyooka. Keshokutwa imepinda tena. Nikasema, huyu aliyetengeneza bandia hii ni fundi hasa.

Na si mzee tu niliyemtilia shaka. Gari langu la mikate lilikuwa limerudi kutoka gereji, na kioo chake cha mbele kilikuwa na ukungu usiotoka. Nilimlalamikia msimamizi kwamba wametuwekea kioo cha bei rahisi. Akaingia, akakaa kwenye kiti changu, akatazama mbele, akasema haoni ukungu wowote. Nikamwona naye ni wa kundi lilelile. Pia kwenye jengo letu kulikuwa na jirani Msomali, mtu mpole, aliyekutana nami kwenye lifti nimebeba mfuko mrefu mweusi. Ndani mlikuwa na bunduki, imefungwa kwa kufuli kama sheria inavyotaka. Aliniuliza, "Ndugu, unapiga kinanda?" Nikasema ndiyo. Sikutaka jengo zima lijue, wala sikutaka polisi waitwe kwa sababu ya mtu mweusi na bunduki kwenye lifti. Lakini tangu siku ile kila aliponiuliza habari za kinanda nilisikia kama ananichunguza.

Mke wangu naye alikuwa anachunguza. Suruali zangu zilikuwa zinaniporomoka, nikawa nimetoboa mkanda matundu mawili mapya. Nilikuwa na kiu isiyoisha. Kwenye gari nilikuwa nanunua soda ya tangawizi chupa kubwa, naimaliza kabla ya kufika Scarborough, nanunua nyingine. Choo nacho kiliniita kila saa, na kwa kuwa simu ilikuwa inaingia bafuni pamoja nami, mke wangu aliona picha nyingine kabisa.

"Umekonda," aliniambia siku moja, akinitazama kwenye kioo cha kabati.

"Kazi."

"Kazi ni ileile miaka minane. Umekonda mwaka huu." Akafunga kabati. "Jumamosi mnakwenda wangapi huko kwenye shabaha?"

"Mimi na mzee. Unamjua."

"Namjua. Juzi nilikutana na mkewe kanisani. Amesema Jumamosi iliyopita mzee alikuwa nyumbani, miguu imevimba."

Ilikuwa kweli. Jumamosi ile nilikuwa nimekwenda peke yangu, kwenye duka jingine la bunduki, upande wa mashariki, kuuliza kama wanaweza kunithibitishia kioo bandia. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Nilikosea, ilikuwa Jumamosi nyingine." Niliuona uso wake unafunga kama mlango.

Mwishoni mwa kiangazi nikaamua kusema na mzee. Nilimngoja nje ya kanisa, kwenye maegesho, watu wakiwa bado wanaagana. Nilikuwa na kile kisanduku cha saa mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa adabu, lakini maneno yalitoka kwa mpangilio wao.

"Mzee, kile kioo ulichonipa kwanza kiko wapi?"

"Si unacho."

"Hiki sicho. Kile kilikuwa na mkwaruzo. Hiki hakina. Kile nukta yake ilikuwa duara. Hii ina mkia. Ulikaa nacho wiki tatu, ukanirudishia kingine."

Mkewe alikuwa ameshika mkono wake. Niliona vidole vyake vinakaza. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, na kofia yake ilikuwa mkononi. Nilimwona anatazama watu waliokuwa karibu, kama anahesabu ni wangapi wamesikia.

"Nipe," akasema.

Nikampa. Alikiwasha, akakielekeza kwenye ukuta wa kanisa, akatazama kwa jicho lake. Kisha akatoa simu, akaiweka nyuma ya kioo pale jicho linapokaa, akapiga picha. Akanigeuzia simu. Kwenye picha, juu ya tofali, kulikuwa na nukta nyekundu. Duara. Hakuna mkia.

"Simu inasafisha picha," nikasema. "Simu za siku hizi zinarekebisha kila kitu."

"Bwana," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita bwana kwa sauti ile, "kioo hakina kosa. Kapime macho."

"Mimi dereva. Macho yangu yanapimwa."

"Kapime tena." Akanirudishia kioo, akavaa kofia, akamwambia mkewe, "Twende." Walikwenda polepole kwa sababu ya miguu yake. Waumini wawili watatu waliosimama karibu walijifanya wanatafuta funguo za magari yao.

Nilikaa garini, hasira haijashuka. Nikajaribu mwenyewe kukielekeza kioo kwenye ukuta uleule. Mkia. Nikajaribu jicho la kushoto. Mkia, lakini umeelekea upande mwingine. Hilo sikuwa nimelifikiria. Miezi yote ile nilikuwa nimetazama kwa jicho la kulia tu. Kioo bandia kingewezaje kugeuza mkia wake kwa sababu mimi nimebadilisha jicho?

Nilifika nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nikatoa kisanduku cha saa, nikakiweka juu ya rundo la taulo mbele yake. Alikitazama bila kukigusa.

"Ndicho hicho," akasema.

"Nini?"

"Kisanduku unachoingia nacho bafuni. Nimekiona muda mrefu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ni cha nani? Niambie tu. Nimechoka kukisia."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anawaza, na nilitaka kucheka lakini uso wake ulinizuia. Nikafungua kisanduku. Alitazama kile kikopo cheusi, akakunja uso. Nikakiwasha, nikampa, nikamwambia atazame dirishani, kwenye jengo la ng'ambo ya mto, aniambie anaona nini.

"Naona jengo."

"Na katikati?"

"Nukta nyekundu."

"Ikoje?"

"Ikoje vipi? Ni nukta."

"Ina mkia?"

Alikishusha, akanitazama mimi. "Haina mkia. Wewe unaona mkia?"

Nikamweleza yote: mzee, mkwaruzo, duka la upande wa mashariki, maegesho ya kanisa. Nilimweleza mpaka ukungu wa kioo cha gari. Alisikiliza huku ameshika taulo. Kadiri nilivyoendelea ndivyo macho yake yalivyobadilika, na haikuwa tena ile shaka ya mwanamke kwa mumewe. Alikuwa ananitazama kama anavyowatazama wazee wake kazini.

"Unakunywa soda ngapi kwa siku?"

"Sijahesabu."

"Choo unakwenda mara ngapi?" Akaacha kusubiri jibu. Aliweka taulo pembeni, akakaa juu ya mkono wa kochi, akajishika kichwa. "Mungu wangu. Nimekaa na wagonjwa wa sukari miaka minane. Mume wangu anakonda mbele yangu, anakunywa maji kama ngamia, na mimi namtafuta mwanamke."

Kesho yake hakwenda kazini. Alinipeleka kwa daktari wa macho kwenye safu ya maduka karibu na kwetu, mwanamke wa Kihindi mwenye sauti ya upole. Alinisomesha herufi, akanibadilishia lenzi, akazibadilisha tena. Akaniuliza mara ya mwisho nilipimwa macho lini. Akasema macho yamehama mno kwa muda mfupi, na kwamba hawezi kuniandikia miwani leo, kwa sababu wiki ijayo huenda yakawa yamehama tena.

"Yanahamaje?" nikamuuliza.

"Sukari ikipanda, lenzi ya jicho inavimba. Ikishuka, inanywea. Siku moja utaona vizuri, siku nyingine vibaya." Kisha akauliza kazi yangu. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. "Usiendeshe mpaka umeonana na daktari wako. Leo, si kesho."

Sukari yangu ilikuwa juu kiasi kwamba daktari alirudia kipimo akidhani kifaa kimeharibika. Hilo nilielewa vizuri. Nilikaa nyumbani wiki kadhaa bila kuendesha, nikimeza vidonge, nikijichoma kidole asubuhi na jioni, nikila ugali mdogo kuliko kiganja. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Nilifikiria watoto wa shule wanaovuka barabara pale karibu na stoo yetu ya mikate, na mimi nikilaumu kioo cha gari. Jambo hilo sijawahi kulimaliza moyoni.

Mke wangu alisema niende kwa mzee. Nikasema nitapiga simu. Akasema simu haitoshi, ulimtukana mbele ya watu. Basi nikapanda basi, nikabadilisha basi, mpaka kwao Scarborough. Mkewe alinifungulia, akanikaribisha kwa neno moja, akaenda jikoni na kubaki huko.

Mzee alikuwa ameweka miguu juu ya kigoda. Nilibaki nimesimama, kioo chake mkononi, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Nikamweleza habari za sukari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Mimi ninayo hiyo mwaka wa ishirini sasa. Ndiyo maana nilikwambia kapime. Nukta yangu nayo iliwahi kufanya hivyo."

"Mbona hukuniambia ni sukari?"

"Ungeniamini?"

Nikauliza lile lililokuwa limebaki. "Na mkwaruzo?"

Akachukua kioo kutoka mkononi mwangu, akakwangua ubavu wake kwa ukucha wa kidole gumba. Unga mweusi ukatoka, na chini yake mkwaruzo ukaonekana, mrefu uleule. "Rangi ya kucha," akasema. "Ya mjukuu wangu, anapenda nyeusi. Nilikusudia kukuachia kabisa, nikaona haifai kumpa mtu kitu kina kovu."

Alikiweka kioo mezani, upande wake, na sikukiomba. Alinikaribisha chai. Tukanywa. Alisema, "Nimekusamehe, hilo usiwe na wasiwasi nalo," na najua alisema kweli. Lakini hakuniuliza nitatumia kioo gani sasa.

Ilipita miezi mingi kabla macho hayajatulia. Daktari wa macho alinipima mara tatu, akapata majibu yaleyale mara mbili mfululizo, akaniandikia miwani. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kuchagua, na mke wangu akasema anakuja. Kwenye duka alivishika vioo kimoja kimoja, akauliza maswali ambayo mimi nisingethubutu: kwa nini hiki kinaleta giza pembeni, betri ikifa je, kikianguka je. Mwishowe alinipa darubini fupi isiyotumia nukta ya taa, iliyochorwa msalaba mwembamba ndani ya kioo, na yenye pete upande wa jicho unayoweza kuizungusha mpaka mistari ikae sawa na macho yako.

"Huu msalaba umechorwa," akasema. "Ukiuona umepinda, ujue ni wewe. Tusisumbue watu."

Niliichukua. Kwenye gari aliishika mapajani njia nzima, akitazama alama za barabara na kuzisoma kwa sauti, nami nikizisoma kabla yake kumwonyesha kwamba naona.

Majira ya kuchipua nilirudi klabuni. Mzee alikuwapo, kwenye benchi lake, miguu ikiwa afadhali. Tulisalimiana vizuri. Nilimwonyesha darubini, naye akaisifu, akaniuliza kama anaweza kuitazama. Akailenga mbali kwenye tuta la mchanga, akaizungusha kidogo, akasema mistari ni mizuri. Aliponirudishia aliishika kwa mikono miwili.

"Ikague," akasema.

"Mzee, hakuna haja."

"Ikague tu, bwana."

Nikaigeuza, nikatazama chini, nikatazama ubavuni, wakati yeye amesimama anangoja. Nikasema ni yenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi lake. Adhuhuri ile nilipiga vizuri, matundu matano mahali panapofunikwa na kiganja. Tulirudi mjini kwa gari lake kama zamani, na alinisimulia habari za Tanga, na mimi nilisikiliza. Bado tunakwenda pamoja. Lakini skrubu ya darubini yangu ikilegea huwa natembea mpaka ofisi ya klabu kuomba bisibisi, ingawa najua yeye anayo mfukoni.